Nani Alifika Kwanza Kaburini

2 Februari

Mwanangu Kwanini,

Marahaba, ingawa barua yako ya mwisho haikuwa na shikamoo hata moja. Natumaini u mzima, na kwamba mkeo muuguzi anapata usingizi baada ya zamu zake ndefu. Mimi sijambo. Goti la kushoto linagoma kwenye ngazi, na la kulia linafanya kazi ya wawili. Fundi bomba, yule niliyemfundisha kusoma na ambaye hadi leo huchomeka shati kabla ya kupita mbele ya nyumba yangu, ametengeneza bomba la jikoni mara mbili, na mara mbili limevuja. Nimempa mpaka Jumamosi.

Nakurudishia barua yako ya Januari pamoja na masahihisho. Wino mwekundu ni mwingi katika ukurasa wa kwanza na unapungua katika wa pili. Nadhani ulichoka kukosea.

Sasa jambo lenyewe. Mdogo wako ameniandikia kwamba amekuomba uwe msimamizi wa ubatizo wa mwanawe, nawe ukamjibu, "Nitaangalia." Hilo si jibu. Hilo ni neno la seremala aliyeletewa kiti kilichovunjika mguu. Ubatizo ni Jumapili ya mwisho ya Juni. Mchungaji atakuuliza mbele ya watu wote kama unaamini kwamba Kristo alikufa na akafufuka. Mtoto hawezi kujibu, kwa hiyo wewe ndiye mdomo wake. Nijulishe unaangalia nini.

Akuombeaye kila siku,
Shangazi


21 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Na nyingine ya Januari: shikamoo.

Huku hatujambo. Mke wangu amehamishiwa wodi ya watoto, na amerudi na nyimbo tatu ambazo sasa naziimba ofisini bila kujijua. Mtoto wa mdogo wangu hana unywele hata mmoja, kwa hiyo tunamwita Kipara, naye anaitikia. Pole na goti. Pole zaidi nampa fundi bomba.

Shangazi, nitakwambia ukweli, kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kuusema, tena kwa rula. Siwezi kumjibu mchungaji ndiyo. Unajua kazi yangu ni kukagua madai ya bima. Kutwa nzima nakaa mbele ya watu ambao mdomo unasema ndiyo na macho yanatafuta mlango. Sitaki kusimama kanisani niwe mmoja wao, tena nikiwa nimempakata Kipara.

Unalikumbuka lile daftari la darasa la Jumapili, lenye jalada la karatasi ya kaki, habari ya asubuhi ile kaburini? Nililikariri lote nikiwa na miaka kumi na miwili, ukanipa penseli mpya. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa namsubiri mteja katika kiwanda cha kufulia nguo, nikakuta Biblia mezani, nikazisoma zile habari nne moja baada ya nyingine. Hazilingani, Shangazi. Huyu anataja wanawake watatu, yule wawili, mwingine mmoja. Hapa malaika mmoja, pale wawili. Daftari letu lilikuwa limenyooka kama shati lililopigwa pasi, na hizi nne zimejikunja kila mahali. Nikajiambia, kumbe tulikaririshwa maneno yaliyopangwa. Siku hiyo kitu kililegea ndani yangu, na sijakikaza tena.

Swali langu ni moja tu. Nani aliandika lile daftari?

Mwanao,
Kwanini


4 Machi

Mwanangu Kwanini,

Marahaba mbili, nimezipokea zote.

Bomba halivuji tena, sasa linapiga mluzi. Fundi anasema ni hewa. Nimemwambia hewa ibaki nje, ndiko nyumbani kwake. Mwambie mkeo aniandikie maneno ya hizo nyimbo, nione kama zinafaa kuimbwa na mtu mzima.

Umenieleza unachokitilia shaka, na umeeleza vizuri. Sikasiriki. Mtoto niliyempa jina la Kwanini kwa sababu ya maswali yake, sitamlaumu akiuliza.

Lakini mimi sijui kazi yako. Miaka yote hii nimewaambia watu kwamba mpwa wangu "yuko bima", kama vile bima ni kijiji. Nieleze kwa maandishi safi: watu wanne wakikuletea habari ya jambo moja, unajuaje kama wanasema kweli? Usifupishe.

Shangazi


19 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mke wangu anasema nyimbo zenyewe ni za bata, na hazifai hata kwa bata mzima. Mdogo wangu anakusalimu. Kipara ameota jino moja, na amelijaribu kwenye kidole changu.

Naona umelipita swali langu la daftari kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala. Haya, nitajibu lako kwanza.

Mwaka juzi karakana ya samani iliungua. Nikawahoji wafanyakazi wanne, kila mmoja peke yake. Wote wanne walisema cheche ilitoka kwenye soketi ya tatu kutoka dirishani, saa nane na dakika kumi na mbili. Shangazi, nani anahesabu soketi wakati nywele zake zinaungua? Nikamuuliza wa nne, "Ndugu, hiyo saa uliiona wapi?" Akasema, "Tuliambiwa na bosi." Kesi ikaishia hapo.

Halafu kuna kile kiwanda cha kufulia. Tangi la maji moto lilipasuka. Mama wa pasi alisema palikuwa na watu watatu chumbani. Dereva alisema wawili. Mpokea nguo alimwona bosi tu, tena viatu vyake tu, kwa sababu yeye alikuwa chini ya meza. Mmoja akasema kishindo kilikuwa kama ng'ombe ameanguka kutoka mbinguni. Nikamuuliza kama amewahi kumsikia ng'ombe akianguka kutoka mbinguni, akanijibu, "Sasa nimemsikia." Katika mambo madogo hawakupatana. Ila wote walisema tangi lilipasuka, na wote walikuwa wameloa. Nikaweka saini.

Basi ndivyo ninavyojua. Waliopanga maneno hufanana mpaka kwenye vifungo vya shati. Walioona kweli hutofautiana pembeni na kukutana katikati. Tena namwamini zaidi shahidi ambaye maneno yake hayamfaidii, au yanamwaibisha. Mtu hatungi aibu yake mwenyewe.

Sasa zamu yako. Nani aliandika daftari?

Kwanini


27 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia habari za jino. Kidole kitapona.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Inatofautiana na nyingine zako, kwa maana sikuhitaji wino mwekundu mpaka mstari wa kumi na saba. Kumbe ukiandika unachokijua huandiki vibaya.

Nimeukata ukurasa wa pili kwa mkasi na nakurudishia. Uweke mezani, upande wa kushoto. Upande wa kulia weka zile habari nne. Kisha zisome kama unavyosoma mafaili ya ofisini, si kama mtoto wa darasa la Jumapili anayengoja penseli. Waulize wale waandishi wanne yaleyale uliyomuuliza mama wa pasi. Wanakutana wapi? Nani anafaidika? Nani anaaibika? Ukimaliza, niandikie ulichokiona na si unachodhani mimi nataka ukione.

Kuhusu daftari, ni la zamani sana.

Shangazi


30 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Tuko salama. Samahani kwa kuchelewa, nilifanya kazi uliyonipa kwa fomu za ofisi, zile ndefu zenye safu. Mzee wa masijala aliniona nikiandika "malaika" kwenye safu ya mashahidi wengine, akaniuliza, "Huyu naye ana bima?"

Nakuletea nilichokiona. Wanatofautiana katika idadi ya wanawake, katika malaika, katika nani alikimbia kwenda wapi. Wanakutana hapa: alikufa na akazikwa. Siku ya tatu, asubuhi, kaburi lilikuwa wazi na halikuwa na mtu. Waliofika kwanza walikuwa wanawake. Waliopelekewa habari hawakuamini. Baadaye wakasema wamemwona akiwa hai.

Hilo la wanawake lilinisimamisha. Zama zile neno la mwanamke halikuwa na uzito mbele ya wakubwa. Kama ningekuwa natunga hadithi ninayotaka iaminiwe, ningemweka kwanza Petro, na pembeni yake tajiri mmoja na hakimu mstaafu. Nisingeweka wanawake, halafu nikaongeza kwamba wanaume wangu walisema ni upuuzi. Hiyo ni aibu ya viongozi, na imeandikwa na watu wao wenyewe.

Halafu kuna hawa wanafunzi wake waliokimbia siku aliyokamatwa. Baada ya wiki chache wanasimama sokoni kusema yuko hai, wanapigwa, na wanarudi kusema tena. Nimewaona wengi wanaodanganya ili wasipigwe. Sijamwona hata mmoja anayedanganya ili apigwe. Najua mtu anaweza kufa kwa ajili ya kosa aliloambiwa na mwingine. Lakini hawa hawakusema tumeambiwa. Walisema tumemwona.

Kwa hiyo faili hili ni zito, Shangazi, zito kuliko nilivyodhani. Sikutegemea kuandika sentensi hiyo.

Lakini kisha nikalitoa lile daftari. Ndiyo, bado ninalo. Katika daftari, anayefika kwanza kaburini ni Petro. Wanawake wanakuja nyuma yake, kama wamekuja kufagia. Hapa si kupigwa pasi tu, hapa shahidi amehamishwa. Ofisini kwetu anayemhamisha shahidi hafukuzwi kesho, anafukuzwa leo.

Na herufi za daftari zina mikia mirefu inayopanda juu. Nina barua mia moja zenye wino mwekundu na mikia hiyohiyo.

Sikuulizi tena nani aliandika. Nakuuliza kwa nini. Kama mtu ninayemwamini kuliko wote aliweza kuigeuza habari hii, nitajuaje kwamba hao wanne hawakuigeuza? Nisipopata jibu, mdogo wangu atafute msimamizi mwingine. Sitakwenda kusema ndiyo ya kukaririshwa.

Mwanao,
Kwanini


28 Mei

Shangazi,

Shikamoo.

Barua zako hazijawahi kuchelewa hata siku tatu. Sasa ni wiki nne. Nilimpigia simu mdogo wangu, akasema u mzima, na kwamba umeonekana ukimkaripia fundi bomba barabarani mpaka mwavuli ukakunjuka wenyewe. Nikashukuru Mungu, kisha nikashangaa nimemshukuru nani.

Kama nilikuwa mkali, nisamehe. Si swali ninaloomba msamaha, ni sauti.

Umebaki mwezi mmoja. Mdogo wangu hasemi kitu, ila kila nikienda ananipa Kipara nimshike na anaondoka chumbani.

Kwanini


6 Juni

Mwanangu Kwanini,

Marahaba. Goti halijambo, na bomba limenyamaza. Nimeandika barua hii mara nne na kuzichana tatu. Hii nitaipeleka posta kabla sijaisoma tena.

Mimi ndiye niliyeandika daftari. Nilitaka usijue, na nilijua kwamba utajua.

Ulizaliwa nikiwa tayari nina mvi, kwa hiyo huenda hukufikiri kwamba niliwahi kuwa kijana. Nikiwa na miaka ishirini na minne, mwalimu mpya, ghala la shule lilivunjwa na vitabu vyote vipya vikaibiwa. Mimi nilimwona mwizi kupitia dirisha la chumba changu. Alikuwa mlinzi mwenyewe, akipakia maboksi kwenye mkokoteni. Nilikwenda mbele ya kamati nikaeleza kila kitu. Mwenyekiti alinisikiliza kwa adabu, kisha akawageukia wenzake akauliza, "Yupo mwanamume yeyote aliyeona?" Hakuwepo. Shauri likafungwa. Kwa miaka mitatu mlinzi yule alinifungulia lango kila asubuhi, na kunisalimia kwa heshima kubwa kuliko mtu mwingine yeyote.

Miaka miwili baadaye nikaombwa kuandika daftari la darasa la Jumapili. Nilizichukua zile habari nne, nikaona hazilingani, na mimi kisicholingana hukisahihisha. Nikaondoa hiki, nikaunganisha kile. Nilipofika kwa wanawake, niliiona ile kamati imekaa mbele yangu. Nikasema moyoni, hawa hawataaminiwa. Nikamtanguliza Petro. Nilidhani namsaidia Mungu.

Angalia nilichokifanya, mwanangu. Mimi, ambaye neno langu lilitupwa kwa sababu nilikuwa mwanamke, nilichukua kalamu na kuwatendea vivyo hivyo wenzangu wa asubuhi ile. Na kwa miaka thelathini na mmoja watoto wakakariri.

Sasa nakujibu. Umeuliza utajuaje kwamba wale wanne hawakuigeuza habari kama nilivyoigeuza mimi. Utajua kwa sababu mikunjo ipo. Mimi nilikuwa na kalamu na nia njema, na kazi ile ilinichukua wiki mbili. Wao walikuwa na nafasi ya kufanya hivyohivyo, na hawakufanya. Waliiacha aibu yao ikae ukurasa wa mbele, wazi, mpaka mpwa wangu akaikuta katika kiwanda cha kufulia. Daftari langu ndilo linaloonyesha jinsi habari hii ingekuwa kama ingetungwa. Liweke kwenye faili lako. Ni ushahidi, ingawa si wa upande niliotaka.

Mimi siamini kwa sababu ya faili, nikuambie kweli. Niliamini nikiwa mdogo kwa sababu mama yangu aliamini. Lakini miezi hii nimeamini kwa namna nyingine. Kama aliyefufuka aliwachagua kwanza wale ambao hakuna kamati ingewaita, basi huyo ananijua. Aliona kutoka dirisha langu.

Jumapili iliyopita niliwaita wanafunzi wangu wa zamani walio karibu. Walikuja tisa, wakakaa kwenye yale madawati madogo ya darasa la Jumapili, magoti yamegusa videvu. Nikasimama mbele nikawaambia nilichofanya. Fundi bomba akanyoosha mkono.

"Mwalimu, sisi tulijua zamani."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipoanza kusoma wenyewe."

"Mbona hamkuniambia?"

"Nani angekuambia, Mwalimu? Na rula ile?"

Muuza vitambaa akadakia kutoka nyuma, "Tulidhani wewe ndiye hujui. Tukasema tusimvunje moyo mama wa watu." Wakacheka mpaka dawati moja likavunjika. Nikawauliza kama bado wanaamini. Fundi akasema, "Tunaamini, Mwalimu. Kama jambo hili lingekuwa linasimama kwa daftari lako, lingekuwa limevuja zamani." Huyo ndiye anayezungumza habari za kuvuja.

Sikuombi useme ndiyo. Nakuomba usiseme hapana kwa sababu yangu.

Nisamehe.

Shangazi


1 Julai

Shangazi yangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo.

Hakuna cha kusamehe ambacho sikukisamehe nilipofika kwenye mkokoteni. Barua yako niliisomea ofisini, mzee wa masijala akaniletea chai bila kuniuliza kitu.

Jana tulikuwa kanisani. Kipara alivaa kofia ya kufuma, akaivua mara moja na kumtupia mpiga kinanda. Nilikuwa nimempakata. Mchungaji akaniuliza lile swali, nami nikanyamaza, Shangazi, nikanyamaza muda ambao mdogo wangu anasema ulitosha kuchemsha maharage. Akanikanyaga mguu. Lakini sikuwa nasitasita. Nilikuwa nakumbuka jambo la kazini. Hakuna faili linaloweka saini lenyewe. Ushahidi unakufikisha mlangoni, unakuvulia kofia, halafu unasimama. Kuingia ni kwako. Nilimwangalia Kipara, nikafikiria wale wanawake wakirudi mbio, wakijua kabisa hawataaminiwa, na wakaenda kusema hata hivyo. Nikasema, "Ninaamini." Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyopanga. Mzee mmoja wa mbele akaamka.

Mtoto alilia mara tatu: maji yalipomgusa, alipomwona mchungaji kwa karibu, na nilipomrudisha kwa mama yake. Hii ya mwisho nimeipenda.

Lile daftari nimelihifadhi. Kipara akifika miaka kumi na miwili nitampa, pamoja na habari zenyewe nne, na nitamwambia atafute tofauti. Akiipata, atapewa penseli.

Mwanao wa kweli,
Kwanini


10 Julai

Mwanangu Kwanini,

Marahaba, marahaba, marahaba.

Wiki hii nimepokea barua nne kuhusu ubatizo. Wewe unasema mtoto alilia mara tatu. Mdogo wako anasema hakulia hata kidogo, alikuwa malaika. Mkeo, ambaye kazi yake ni kujua watoto wanalia mara ngapi, anasema mara mbili. Mchungaji hakutaja kilio, ila anasema msimamizi alikuwa na sauti nzito ya kutia moyo, na miwani yake mwenyewe imepotea. Kofia ilimpiga mpiga kinanda, au mpiga ngoma, au haikuvaliwa kabisa.

Wote wanne mnasema alibatizwa, na kwamba ulijibu.

Nimeshika kalamu ya wino mwekundu juu ya barua hizi tangu asubuhi. Kisha nimeifunga, nikaiweka kwenye mtungi wa kalamu pamoja na zile mbovu. Nawarudishia barua zenu kama zilivyokuja, kwa kuwa sasa ninajua jambo hilo lilitokea.

Bomba linavuja. Fundi anakuja kesho. Nimemwambia apite tu ndani, hata kama hajachomeka shati.

Shangazi